Mhadhara Si Mazungumzo

Wenzangu wa kalamu, tuambizane ukweli. Ile mihadhara ya dini iliyoshamiri Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990, ambayo sie vijana tumeirithi pamoja na kelele zake, si mazungumzo hata kidogo. Mmoja anapanda jukwaani na Biblia asiyoiamini, mwingine anamjibu kwa Kurani asiyoiamini. Kila mtu kasoma kitabu cha jirani kama anayepekua mfuko wa mwenziwe: hatafuti kumjua, anatafuta cha kumfedhehesha. Umati unashangilia, kisha kila mmoja anarudi kwake na imani ileile aliyokuja nayo, ila chuki imeongezeka.

Mtasema, aah, hayo ni maneno tu. Maneno tu? Oktoba 2012, huko Mbagala, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kushambuliwa na kuchomwa moto. Watoto wale waliuokota wapi ubishi kama ule, kama si kwa wakubwa?

Halafu wapo wanaodai kwamba Mwislamu na Mkristo hawawezi kukaa meza moja na kitabu kitakatifu bila mmoja kuisaliti dini yake. Hebu waiulize historia. Mwaka 1844, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa, aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi. Naam, kadhi! Sheikh hakubatizwa, wala Krapf hakusilimu. Walikaa wakatafuta neno sahihi.

Linganisha na Kasisi Godfrey Dale, aliyetoa Kurani nzima kwa Kiswahili mwaka 1923, lakini akaifungasha na maelezo ya kuipinga. Kazi kubwa, sikatai. Ila ule ulikuwa mhadhara uliotiwa jalada.

Na sie waandishi je? Mswada wangu una nyumba ya kupanga Manzese. Mama mmoja anafunga Ramadhani, mwenzake wa chumba cha pili anafunga Kwaresima, na wanagombana juu ya Mungu kama wanavyogombana juu ya zamu ya kufagia uani. Mchapishaji mmoja akanirudishia: toa dini, italeta matata. Eti hiyo ndiyo amani! Hapana jamani. Anayenyamaza kwa woga na anayepayuka jukwaani ni ndugu wa tumbo moja; wote wawili hawataki kumsikia jirani.

Siwaombi mchanganye dini kama pilau. Shika yako sawasawa. Lakini kama wewe ni Mwislamu, mwandike Mkristo ambaye Wakristo wakimsoma watasema, "Huyu tunamjua, tunasali naye." Kama wewe ni Mkristo, mwandike Mwislamu vivyo hivyo, si kikaragosi chenye kanzu. Hilo likikushinda, bwana, weka kalamu chini ukapange viti vya mhadhara.