Kisasi Ki Mikononi mwa Nani?

Wahenga walinena kuwa hasira ni hasara. Methali hiyo hufunzwa tangu shule ya msingi, hujibiwa mitihanini, kisha husahaulika pindi mtu anapofikwa na msiba. Katika Kisii na Nyamira, ambako makanisa yametapakaa vilimani, usahaulifu huo umewagharimu wazee uhai wao. Mnamo Mei 2008, watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliteketezwa kwa moto na umati uliowatuhumu kuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma zizo hizo.

Inakuwaje basi jamii inayoimba rehema siku ya ibada iwashe moto siku nyingine? Wengi hujibu upesi kwamba chanzo ni ujinga. Jibu hilo halitoshi. Waama, chanzo kimojawapo ni uchungu. Mtoto hufariki ghafla, maradhi hayajulikani, na mfiwa hana wa kumlaumu. Neno *omorogi*, yaani mchawi, likishatamkwa matangani, uchungu huo hupata mtu wa kuangukia. Aidha, palipo na shamba finyu la kurithiwa, tamaa nayo hujificha nyuma ya machozi.

Mtume Paulo, mwishoni mwa sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, anawakataza waumini kujilipizia kisasi na kuwataka wamwachie Mungu. Mahubiri mengi hukomea hapo. Hata hivyo, Paulo hakuandika sura. Waraka wake uligawanywa hivyo karne nyingi baadaye. Mistari michache mbele, katika sura ya 13, anaeleza kuwa mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu katika kumwadhibu mtenda maovu. Kwa hivyo, kumwachia Mungu kisasi hakumaanishi kuuacha uovu upite. Kunamaanisha kukiondoa kisasi mikononi mwa mfiwa na umati, na shauri kupelekwa linakoweza kusikilizwa.

Wasomaji wa *Kusadikika*, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, wanakumbuka kwamba hata katika nchi ile dhalimu Karama alipewa siku sita za kujitetea. Wazee wa Gusii hawakupewa hata saa moja.

Fauka ya hayo, wapo wenye uchungu wa aina nyingine: watoto na wajukuu wa waliochomwa. Hao wanaishi kijiji kimoja na watu walioshangilia moto ule. Kuwaambia kwamba yaliyopita si ndwele ni kuwatwika msiba mara ya pili, kwani mwenye kovu usidhani kapoa. Msamaha wa kweli hulitaja kosa kwa jina lake. Anachoachilia mwenye kusamehe ni hamu ya kumwona mkosaji naye akiteketea, haachilii ukweli. Mtu anaweza kusamehe asubuhi na kutoa ushahidi mahakamani alasiri, wala imani yake isipungue.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa funzo. Katika Biblia ya Kiswahili, neno haki hubeba maana mbili: uadilifu wa mtu mbele za Mungu, na hukumu ya sawa baina ya watu. Lugha imeziweka maana hizo katika neno moja. Ni ajabu kwamba baadhi ya mimbari huzitenganisha, zikidai uadilifu kwa walioonewa huku zikinyamazia hukumu kwa walioua.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi pasipo kupeleka madai yake kwa wenye mamlaka. Wangapi wamewahi kulisikia hilo likisemwa matangani? Hapo ndipo kazi ya mchungaji, padri na mzee wa kanisa inapaswa kuanza: kabla jeneza halijashushwa, wakati mnong'ono wa kwanza unapozuka. Mfiwa aachwe alie na kumuuliza Mungu maswali yake yote, hata yale makali. Lakini atakayetaja jina la jirani aulizwe ushahidi mbele ya watu wote, na bikizee aliyetajwa asindikizwe nyumbani salama. Kanisa lisilofanya hivyo litakuwa limemwachia Mungu kazi ambayo Mungu ameliachia lenyewe.