KONA YA MWALIMU: Mwalimu mmoja, masomo manne

 

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wengi wametuuliza, wengine kwenye mkutano wa wazazi, wengine pale kwenye bomba la maji. Wanasema hivi: mwalimu wa hesabu wa P6 alipata safari, akaenda zake. Sasa yule wa masomo ya jamii, mnayoyaita SST, ndiye anafundisha hesabu, na sayansi pia amepewa yeye. Je, anajua kweli, ama anajaza nafasi tu? Mzazi mmoja alituambia wazi kwamba afadhali mtoto abaki nyumbani amsaidie shambani mpaka apatikane mwalimu wa hesabu mwenyewe. Na wazee wakaongeza methali: mshika mbili moja humponyoka.

Hofu hiyo tunaielewa. Mtoto akifika P7 anafanya mtihani wa PLE, na masomo ni manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na SST. Hakuna somo la kuacha. Kwa hiyo swali ni la haki, na tunalijibu kwa mfano wa mtu ambaye wazee wetu wanamjua.

Vijana wengi wamesikia kwamba Julius Nyerere alikuwa rais wa Tanzania. Lakini lile jina la Mwalimu halikuwa la heshima tu. Alikuwa mwalimu kweli, wa chaki na ubao. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na ualimu alikuja kuusomea hapa hapa Uganda, chuo cha Makerere, kuanzia 1943 hadi 1945. Kisha akarudi Tanganyika kufundisha shule ya St. Mary's, Tabora. Pale alifundisha Bayolojia, yaani mambo ya mimea, wanyama na mwili wa mtu. Tena, nje ya saa za shule, aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa pale mjini bila malipo.

Mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh, huko Uskoti. Alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Halafu akageukia upande mwingine kabisa: uchumi, historia, fasihi ya Kiingereza, sheria ya katiba na falsafa. Akamaliza mwaka 1952. Aliporudi alipata kazi Pugu, karibu na Dar es Salaam, katika shule ya St. Francis. Yule mwalimu wa Bayolojia sasa alifundisha Historia, Kiingereza na Kiswahili.

Hesabuni wenyewe: masomo manne, mtu mmoja. Je, yalimponyoka? Mwaka 1955 aliacha kazi ya shule kwa sababu ya siasa ya TANU, maana alitakiwa kuchagua moja. Lakini mwaka 1963, akiwa tayari rais, ilitoka tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 ikatoka ya pili, Mabepari wa Venisi. Mtu hawezi kufanya kazi hiyo kama Kiingereza na Kiswahili alivishika kwa juu juu.

Sasa jamani, tusidanganyane. Mtu atasema, huyo alikuwa Nyerere, sisi hapa tuna kijana aliyemaliza sekondari tu. Ni kweli. Na kuna tofauti nyingine kubwa zaidi: Nyerere hakubadilishiwa somo Ijumaa akaambiwa aanze Jumatatu. Kila alipohama upande, kabla yake alikuwa amekaa kwenye dawati akasoma. Hapo ndipo fundisho lilipo. Kinachomponyoka mwalimu ni somo ambalo hakupewa muda wa kulisoma kabla ya kusimama mbele ya watoto. Wingi wa masomo peke yake si ugonjwa.

Na tukumbuke kwetu Kongo. Shule ya msingi, mwalimu mmoja anashika darasa mwaka mzima, anafundisha Kifaransa, hesabu, sayansi, historia na jiografia. Wengi wetu tulisoma hivyo. Hakuna aliyemtoa mtoto darasani eti mwalimu ana masomo mengi. Tulimwamini kwa sababu tuliona maandalio yake mezani, na daftari zilisahihishwa.

Tanzania nayo ilipitia shida kama yetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba watoto wote wapate nafasi ya shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Watu walilalamika, na ni kweli ubora ulishuka mahali pengi. Lakini kungoja mpaka walimu kamili watoshe kungewaacha watoto wengi nje, na umri wa mtoto haungoji.

Basi hapa kwetu tufanyeje? Sisi walimu tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, mwalimu anayepewa somo jipya anapewa kitabu cha mwanafunzi na cha mwalimu kabla ya kuingia darasani, hata kama ni kwa zamu. Pili, anatafutiwa mtu wa kumwuliza. Yule wa P6 anakaa kila Jumamosi na baba mmoja aliyefundisha hesabu miaka mingi Bunia. Wanapitia pamoja hesabu zote za wiki inayokuja, hasa sehemu na asilimia. Tatu, mtoto akiuliza jambo ambalo mwalimu hana hakika nalo, mwalimu aseme, "Kesho nitakuletea jibu," na kesho alilete. Kubahatisha ni vibaya zaidi.

Tumeona pia kwamba somo moja linasaidia lingine. Mwalimu wa SST akifundisha ramani, anafundisha vipimo: sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita ngapi chini? Hiyo ni hesabu. Kwa hiyo yule mwalimu wa P6 hakuanza kutoka sifuri.

Nanyi wazazi, tunaomba hivi. Jioni fungueni daftari la mtoto. Hata usiyejua Kiingereza utaona kama kuna kazi ya leo na kama imesahihishwa. Mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili alichojifunza. Ukiona daftari ni tupu wiki nzima, njoo utuulize, hatutakasirika. Na mwenye ujuzi asiufiche. Kuna mafundi seremala wanaojua pembe kuliko sisi. Kuna waliokuwa manesi, wanaweza kueleza malaria darasani kwa nusu saa tu. Tuna vitabu vichache, lakini watu wenye ujuzi tunao.

Kwa yule mzazi aliyetaka kumtoa mtoto, tunamwomba kwa heshima: mrudishe Jumatatu. Mwalimu wa hesabu mwingine akipatikana, vizuri, tutamshukuru Mungu. Asipopatikana, mtoto atakuwa amefika kwenye asilimia pamoja na wenzake. Akikaa shambani muhula mzima, huyo mwalimu mpya atamkuta nyuma, na kumrudisha pale wenzake walipo ni kazi kubwa kuliko ya sasa.

Mwezi ujao tutaongea juu ya watoto waliosoma kwa Kifaransa kule Kongo na sasa wanasoma kwa Kiingereza: wasaidiwe vipi nyumbani? Mwenye swali alipeleke ofisi ya shule ama amwambie mwalimu yeyote.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.