Kivimbe Pafuni: Kuchungulia Kabla ya Kupasua

Huenda siku moja ukaketi mbele ya daktari, wewe au mzazi wako, naye akainua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha na kukuonyesha doa jeupe la mviringo, kadiri ya punje ya korosho. Neno "uvimbe" likishatamkwa, ukoo mzima hukutana jioni ile ile. Huyu ataja Muhimbili, yule ataja India, na kabla watu hawajalala shamba la mikorosho limekwisha kutiwa bei. Wiki hii napenda tuzungumze juu ya hatua moja inayostahili kuulizwa kabla shamba hilo halijauzwa, nayo ni kuchungulia njia za hewa, kazi ambayo matabibu huiita bronkoskopi.

Kwanza tulielewe doa lenyewe. Madaktari wanaposema kivimbe cha pafu, huwa na maana ya kitu cha mviringo kisichozidi sentimita 3 kwa upana. Picha huonyesha kwamba kipo. Haisemi ni nini. Pengine ni saratani. Pengine ni kifua kikuu kilichojikusanya mahali pamoja, au kuvu, au kovu tu la ugonjwa uliokwisha kupona miaka mingi iliyopita. Mzee wa Ulaya aliyevuta sigara miaka 40 akionekana na doa hilo, daktari wake hufikiria saratani kwanza. Daktari wa Mtwara, ambako kifua kikuu bado tunaishi nacho, hana budi kufikiria mambo mawili kwa pamoja.

Na hapo ndipo yanapoweza kutokea makosa mawili. La kwanza ni mtu kupasuliwa kifua na kukatwa sehemu ya pafu kwa ajili ya ugonjwa ambao dawa za miezi 6, zinazotolewa bila malipo, zingeuponya. La pili ni kinyume chake: mwenye saratani kumezeshwa dawa za kifua kikuu miezi na miezi, kikohozi hakikomi, mwili unanyauka, na siku anapofikishwa Ocean Road ugonjwa umekwisha kutapakaa. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo baya zaidi, maana hutendeka kimya kimya, kila mtu akiamini kuwa mgonjwa anatibiwa.

Chombo cha kuchungulia si kitu cha jana. Mwaka 1897 daktari Gustav Killian, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, alitumia bomba gumu kumtoa mkulima mmoja mfupa uliomkwama katika njia ya hewa. Bomba gumu lingali na kazi yake hata leo, hasa kwa watoto waliopaliwa na karanga au korosho. (Nanyi akina mama wa kusini, mtoto mdogo asipewe korosho nzima huku akikimbia uwanjani!) Mwaka 1966 Shigeto Ikeda wa Japani alionyesha bomba la namna nyingine, jembamba kuliko penseli, linalopindika, lenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Hilo ndilo lililozaa vyombo vinavyotumika zaidi siku hizi.

Bomba hupitishwa puani au kinywani, likavuka mahali sauti inapotokea, likashuka hadi kwenye matawi ya njia za hewa. Daktari huona kwa macho yake. Akitaka, humimina maji kidogo ya chumvi na kuyafyonza tena; au hupitisha kibrashi; au hunyofoa kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mchele. Maji hayo yakipelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, kwa muda wa saa 2 hivi hujulikana kama mna vijidudu vya kifua kikuu, na kama vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kipande cha nyama huenda kwa mtaalamu wa darubini.

Mpasuaji naye hufaidika. Ikiwa uvimbe umetambaa hadi kwenye tawi kuu, atajua mapema kwamba haitoshi kukata sehemu moja, huenda ikambidi aondoe pafu zima, au kwamba kupasua hakutafaa kitu.

Lakini nisikudanganye. Kivimbe kidogo kilichojificha pembezoni mwa pafu, karibu na mbavu, mara nyingi bomba hilo halikifikii. Hivyo jibu la "hatukuona saratani" si sawa na "huna saratani". Hapo daktari aweza kuchagua sindano ipitayo kati ya mbavu, ikiongozwa na picha za mashine ya CT. Wapo pia wapasuaji ambao, dalili zikiwa nzito na mgonjwa akiwa na nguvu, hawangoji siku nyingine: huchungulia mgonjwa akiwa mezani, amekwisha kulazwa usingizi, muda mfupi kabla ya kupasua. Basi ukiambiwa kipimo hiki hakihitajiki, usigombe. Uliza sababu.

Kwa mvuvi wa Msimbati au mkulima wa Kitaya, safari huanza na kitu rahisi zaidi, yaani makohozi. Yakikosa jibu, aende Ligula au hospitali ya kanda iliyoko Mitengo, aulizie picha ya CT, na ikibidi aandikiwe rufaa ya Muhimbili. Safari hiyo si ile ya zamani ya kukesha kwenye kivuko cha Ndundu. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Amweleze daktari habari zake zote: sigara, moshi wa kuni, miaka aliyopuliza salfa kwenye mikorosho bila kufunika pua, na kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua kifua.

Siku ya kipimo mgonjwa hakai na chakula tumboni. Koo hutiwa ganzi, naye hupewa dawa ya kumtuliza. Baadaye asile wala asinywe mpaka ganzi iishe, asije akapaliwa. Makohozi yenye michirizi ya damu kwa siku moja si ajabu. Damu nyingi, au pumzi kubana, arudi hospitali mara moja.

Tena abebe picha zake zote za zamani, hata ya miaka 5 iliyopita iliyosahauliwa chini ya godoro. Kivimbe kigumu ambacho hakikukua kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani, na picha hiyo kuukuu yaweza kumwepusha na bomba, na kisu pia.