Binti wa Suria Si Mwanaharamu

Tunapotafsiri Kifaransa kwenda Kiswahili hapa Bunia, neno bâtarde hugeuzwa upesi kuwa "mwanaharamu". Naona tafsiri hiyo inapotosha historia, na inawaumiza watu walio hai.

Tuanze na historia. Margaret wa Parma, aliyezaliwa 1522, alikuwa binti wa Kaisari Charles wa Tano na mwanamke asiyekuwa mke wake. Baba alimtambua na kumwoza katika koo kubwa za Italia. Kuanzia 1559 hadi 1567 alitawala nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji, kwa niaba ya ndugu yake kwa baba, Philip wa Pili. Alipewa kazi ya kutawala. Haki ya kurithi taji hakuwa nayo.

Sasa tutazame Unguja. Sayyida Salme alizaliwa 1844 katika jumba la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Sayyid Said. Mtafsiri mvivu atamweka Salme kapu moja na Margaret. Lakini kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyetambuliwa na baba ni halali na anarithi. Majid na Barghash, waliokalia kiti cha baba yao, nao walizaliwa na masuria. Salme aliporudi 1885 kudai urithi, Barghash alikataa kumpokea. Hakushtakiwa kuzaliwa vibaya. Alishtakiwa kutoroka 1866, kubatizwa na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete.

Sisifu usuria. Jilfidan alikuwa mtumwa, na uhalali wa bintiye haufuti jambo hilo. Ninachosema ni kwamba neno moja haliwezi kubeba sheria mbili.

Na hapa kwetu je? Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inakataza ubaguzi kati ya watoto kwa sababu ya namna walivyozaliwa. Hata hivyo tunaendelea kusema "mwanaharamu", au "mtoto wa inje". La kwanza linamvisha mtoto hukumu ya tendo ambalo hakulitenda. La pili linamtoa nyumbani kabla hajaingia. "Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa" ni refu, lakini linataja hali ya wazazi na kumwacha mtoto awe mtoto.

Napendekeza tulitumie hilo katika tafsiri zetu zote za sheria, na "binti wa suria" libaki jinsi lilivyo katika historia. Karani anayeandikisha watoto na hakimu anayegawa urithi watasoma maneno tutakayochagua sisi.