Gulio la Kwashemshi na Haki ya Mizani

Kwashemshi ni mji mdogo wa soko katika Wilaya ya Korogwe, kwenye njia ipandayo kuelekea milima ya Usambara. Tumeutembelea siku ya gulio, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo moja tu, kwa kuwa si jambo la Kwashemshi peke yake.

Tangu zamani Wasambaa wameigawa nchi yao kwa majina mawili: Shambaai, yaani milimani kwenye mvua na migomba, na Nyika, yaani tambarare yenye joto. Gulio ndipo nchi hizo mbili zinapokutana. Mtu wa juu hushuka na ndizi na maharage. Mtu wa chini huleta mahindi. Mfanyakazi wa shamba la katani huleta mshahara wake. Kisha huja mchuuzi wa mjini na lori lake, na papo hapo huanza habari ya gunia.

Kila mkulima nchini aijua lumbesa. Gunia likiisha kujaa halifungwi, bali huongezwa kilemba juu yake, likashonwa kwa kamba, na bei ikabaki ile ile ya gunia moja. Tufanye hesabu. Ikiwa gunia la haki ni kilo 100 na la lumbesa ni kilo 130, mkulima aliyeuza magunia 10 ametoa bure kilo 300. Hayo ni magunia matatu, aliyoyalima, akayapalilia na kuyabeba kichwani mteremko mzima, pasipo kulipwa hata senti moja.

Wako wasemao ya kwamba mkulima ameridhika mwenyewe, kwani hakulazimishwa. La hasha! Mtu aliyeshuka mlimani tangu alfajiri hawezi kuupanda tena na mzigo wake jioni. Ndizi zilizoiva hazingoji bei ya kesho. Mchuuzi alijua hilo kabla hajafungua kinywa. Mnyonge hana haki, walisema wazee, nao hawakusema hivyo kwa kusifu.

Lakini si haki pia kumtupia mchuuzi lawama yote. Yeye naye hulipa nauli ya lori kwa gunia, na mara nyingi ushuru nao huhesabiwa kwa gunia. Maadamu kila malipo njiani yahesabiwa kwa gunia wala si kwa kilo, atakayefunga gunia kubwa zaidi ndiye apataye faida. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Hatua hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, asilimia ya mali isiyopimwa ni asilimia ya kukisia, na katika kukisia mwenye nguvu hashindwi.

Wafanyakazi wasidhani ya kwamba neno hili ni la wakulima tu. Zamani za ukoloni mkata katani alihesabiwa kazi yake kwa matita, na tita moja lilikuwa majani 30. Mshahara wake ulingojea kipande cha siku 30 kijae. Kama nyapara angalitaka majani 40 kwa malipo ya 30, nani asingaliona kuwa ni wizi? Wafanyakazi wa Mazinde, katika Korogwe hii hii, waligoma mwaka 1958 kwa sababu walitaka sauti yao isikilizwe. Basi jasho la shamba la katani na jasho la shamba la maharage yastahili kipimo cha namna moja.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, yasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na Serikali imekwisha kuipiga lumbesa marufuku mara nyingi. Lakini marufuku isiyo na mizani ni maneno matupu. Afisa hawezi kuwapo katika kila gulio kila wiki, mizani yaweza.

Twaona, basi, ya kwamba yafaa mambo matatu. Kwanza, kila gulio liwe na mizani iliyokaguliwa, iwekwe mahali pa wazi, kila mtu aipime mali yake kabla ya kutaja bei. Pili, ushuru uhesabiwe kwa uzito na thamani, ili gunia kubwa lisiwe tena njia ya kuukwepa. Tatu, wakulima wauze pamoja katika ushirika wao, maana mtu mmoja mwenye mkungu mmoja hana wa kumngoja.

Fedha ya kununulia mizani si mlima. Hutoka katika ushuru ule ule ulipwao na wauzaji wa gulio. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Wanachama na wafanyakazi wahudhurie, wasikilize hesabu mpaka mwisho, kisha waulize kwa adabu: katika fedha hizi, mizani yetu iko wapi?