Kusikia si Kusikiliza

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Msemo huu unawafaa watu wawili ambao aghalabu hubishana juu ya marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen. Wa kwanza hudai kuwa roki ni makelele ya Wazungu yasiyomhusu Mwafrika. Wa pili hutamba kuwa mwimbaji huyo ni wetu, maadamu alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Nathubutu kusema kwamba wote wawili wana kasoro moja: hawajamsikiliza.

Hivi majuzi niliendesha gari peke yangu kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 480. Kufika Emali redio ikaanza kukwaruza, nami nikatia kanda ya "A Night at the Opera", albamu ya Queen ya mwaka 1975, ambayo nilikuwa sijaigusa kwa miaka mingi. Hapakuwa na abiria wa kupiga naye soga, wala simu ya kupokea huku nikipishana na malori. Nilipoingia Mtito Andei nilikuwa nimeisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, mara mbili.

Muziki nilioupenda ujanani ulinijia kana kwamba umetungwa jana. Wimbo wa "Bohemian Rhapsody" huchukua karibu dakika sita, na hauna kiitikio cha kurudiwarudiwa. Ile kwaya kubwa iliyomo ni sauti za watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, zilizorekodiwa tena na tena na kupangwa moja juu ya nyingine. Nalo gitaa la May alilitengeneza mwenyewe pamoja na babake, shingo yake ikachongwa kutokana na mbao za meko ya kale. Je, makelele huhitaji bidii kiasi hicho?

Na huyu anayejigamba? Mercury alizaliwa katika familia ya Waparsi, akapelekwa India angali mtoto kusoma katika shule ya bweni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza, na Queen ikaundwa London mwaka 1970. Kumwita wetu pasipo kuuliza kwa nini jamaa zake waliondoka ni kuitwaa fahari na kuiacha huzuni. Mwaka 2006 wapo Wazanzibari waliopinga sherehe za kuadhimisha kuzaliwa kwake. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Mji Mkongwe. Wanaompinga na wanaomtukuza humjadili mtu. Nyimbo zake hazimo katika mjadala.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya roki peke yake. Wanamuziki wetu nao twawatendea vivyo hivyo. Mara ngapi mtangazaji amekata wimbo wa Les Wanyika pale pale magitaa yanapoanza kujibizana? Katika muziki ule, maneno hutangulia na magitaa hufuata. Anayeukata nusu amempa msikilizaji salamu akamnyima mazungumzo. Kisha tunalalamika kwamba vijana hawauthamini muziki wa wazee wao. Watauthaminije ilhali hawajapata kuusikia ukikamilika?

Ushauri wangu ni mwepesi. Mwenye safari ndefu na achukue albamu moja, ya Queen au ya Simba Wanyika, aisikilize kwa mpangilio walioukusudia wenyewe. Asiye na gari ana saa moja ya jioni. Akimaliza, ana ruhusa kamili ya kuuchukia muziki huo. Kinachoniudhi ni hukumu kutolewa kabla ya shahidi kumaliza kusema.