Bravo, brava na watu "mingi" wa Katanga

Ukumbi wa Lubumbashi ukimshangilia mwimbaji wa kike, utasikia "bravo!" Mwitaliano angeguna. Kwao hicho ni kivumishi kamili, maana yake hodari au stadi (wala si jasiri, kama mjuzi wa Kifaransa anavyoweza kudhani), nacho hufuata jinsia na idadi: mwanamume ni bravo, mwanamke brava, wanaume bravi, wanawake brave. Wafaransa walipolichukua neno wakalifanya ukelele, likaganda, nasi tukalipokea likiwa limeganda. Hatuwaambii kuwa wameharibu Kiitaliano.

Lakini mtu wa Kasomeno, huko Katanga kwenye njia ya kwenda Kasenga, akisema "bantu mingi", "nyumba mingi", "bintu mingi", msomi wa Kiswahili sanifu anacheka: ni watu wengi bwana, nyumba nyingi, vitu vingi! Kicheko hicho hakina msingi. "Mingi" ni lile lile la "miti mingi" linalosemwa Dar es Salaam kila siku. Katanga imelitoa katika ngeli moja na kulitembeza kwenye nyingine. Na sanifu yenyewe imejaa vivumishi visivyosogea: safi, ghali, rahisi, laini. Hata hodari, tafsiri ya bravo yenyewe, imekaa pale pale: mpishi hodari, wapishi hodari. Waitaliano nao, pamoja na ukali wao wa upatanisho, wana blu na rosa, rangi ambazo hazibadiliki hata nomino ikiwa ya wingi.

Utaambiwa kwamba Kiswahili bila upatanisho si Kiswahili. Basi sikiliza sentensi nzima: "bantu mingi balikuya". Ba- imo kwenye nomino, na imerudi kwenye kitenzi. Kivumishi peke yake ndicho kilichopumzishwa. Upatanisho haujafa, umebana matumizi tu. Katiba ya Kongo ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, bila kuuliza kama ni cha wengi au cha mingi. Hoja yenye uzito ni nyingine: nomino ikidondoka, "niliona wengi" inakuonyesha watu na "niliona vingi" inakuonyesha vitu, ilhali "niliona mingi" inakuacha ukisubiri maelezo. Hasara hiyo ni ya kweli. Kwa ajili yake, mtoto wa Kasomeno afundishwe wengi na vingi darasani, kama anavyofundishwa Kifaransa: lugha ya kuongeza juu ya ile aliyokuja nayo.